Hello Alikuwa Mchumba wa Nani?

Kwa kawaida safu hii hujibu maswali ya maneno matatu manne kwa mkupuo, lakini toleo hili nimeyaweka kando yote nikabaki na moja. Kisa ni barua ya kwanza hapo chini. Nilipoanza kuisoma nilicheka, nilipoimaliza nikakasirika kidogo, na nilipopekua rundo nikakuta barua nyingine kadhaa zinauliza habari za neno lilelile. Wasomaji wapya wajue kwamba kabla ya kushika kalamu nilikuwa opereta wa simu. Miaka 28 nimekaa mbele ya swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, vipokezi masikioni, na neno hello nimelitamka mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Mtu akilisingizia, amenisingizia mimi.

"Shikamoo Bibi. Kwenye kundi letu la simu umepita ujumbe kwamba hello lilikuwa jina la mchumba wa Alexander Graham Bell, yule aliyevumbua simu. Eti binti aliitwa Margaret Hello, na Bell alipopiga simu ya kwanza duniani alimwita kwa jina hilo, ndiyo maana mpaka leo kila mtu akipokea simu anamtaja. Mimi ni mwalimu, nimeshawasimulia wanafunzi. Ni kweli?"

Marahaba mwanangu. Si kweli. Na kwa kuwa umeshawasimulia wanafunzi, kesho ingia darasani na hili jibu.

Tuanze na akili ya kawaida tu: ni nani anayempigia mchumba wake akamwita kwa jina la ukoo? Hata mdai wako hakuiti hivyo. Lakini tuache utani, maana maisha ya Bell yanajulikana vizuri. Mchumba wake aliitwa Mabel Hubbard. Alikuwa mwanafunzi wake, wakachumbiana mwaka 1875, wakaoana tarehe 11 Julai 1877. Kama zawadi ya harusi Bell alimpa mkewe karibu hisa zake zote za kampuni changa ya simu, yeye akabaki na 10 tu. Huyo ndiye mwanamke aliyekuwa moyoni mwake, wala hakuwa na Margaret wa pembeni.

Sasa sikiliza jambo lililonikasirisha. Mabel alikuwa kiziwi. Alipokuwa na miaka mitano aliugua homa kali, ikamwondolea usikivu wote. Bell, ambaye mama yake mzazi naye alikuwa na uziwi, alifanya kazi ya kuwafundisha viziwi kutamka maneno, na kazi hiyo ndiyo iliyowakutanisha. Kwa hiyo mtu ambaye Bell angependa kumpigia kuliko wote hakuweza kuisikia simu hata siku moja. Kisa cha kweli kilikuwepo, kinagusa kuliko cha uongo, watu wakakiruka wakaenda kumtunga Margaret.

Na simu yenyewe ya kwanza? Ilikuwa tarehe 10 Machi 1876, mjini Boston, Marekani. Bell alikuwa chumba kimoja, msaidizi wake Thomas Watson chumba kingine. Maneno yaliyopita kwenye waya ni: "Bwana Watson, njoo hapa, nataka kukuona." Hamna hello humo, na aliyeitwa alikuwa mwanamume mwenye kazi zake.

La mwisho, na hili ndilo huwa nawanyamazishia wabishi: Bell hakuwa mtu wa hello. Yeye alitaka watu wakishika simu waseme ahoy, mwito ambao mabaharia huitia chombo kilicho mbali. Alishikilia ahoy yake mpaka anafariki, Agosti 1922. Laiti hello lingekuwa jina la mpenzi wake, angelikwepa miaka yote hiyo?

"Bibi, kama si Bell basi ni nani aliyeliingiza kwenye simu? Na kabla ya simu kuwepo lilikuwa na maana gani?"

Aliyeliingiza, kwa ushahidi uliopo, ni Thomas Edison, mshindani mkubwa wa Bell katika biashara hii. Ili uelewe kwa nini, ondoa kichwani simu unayoijua. Laini za mwanzo zilikuwa mashine mbili tu na waya kati yao, na waya ule ulikuwa wazi mchana kutwa. Hakukuwa na mlio. Mwenye duka upande huu akitaka kusema na ghala lake upande ule, atamjulishaje mtu wa kule aje karibu na mashine? Wengine walipiga kelele tu. Wengine waligonga kiwambo, kile kipande chembamba cha mashine kinachotikiswa na sauti, kwa kitako cha penseli wakitumaini mtu atasikia.

Tarehe 15 Agosti 1877 Edison alimwandikia bwana mmoja aitwaye David, rais wa kampuni ya telegrafu ya Pittsburgh, ambaye alikuwa anajiandaa kuleta simu mjini kwake. Barua ni fupi kuliko nyingi mnazoniletea. Kwa Kiswahili ni hivi: "Rafiki David, sidhani kama tutahitaji kengele ya kuitia, kwa kuwa Hello! inasikika umbali wa futi 10 hadi 20. Waonaje?" Basi. Futi hizo ni kama mita tatu hadi sita. Barua ilikaa kwenye nyaraka za zamani za kampuni ya simu zaidi ya miaka 100, mpaka mwalimu mmoja wa chuo cha Brooklyn, Allen Koenigsberg, alipoifukua.

Isome tena pole pole. Edison hazungumzii adabu wala kusalimiana. Anahesabu gharama ya kengele, anaona kuna neno linaloweza kufanya kazi ya kengele bure. Hello iliingia kwenye simu kama kifaa! Na Edison mwenyewe alikuwa mzito wa kusikia tangu utotoni. Mimi huwa nawaza kwamba mtu wa namna hiyo anajua kuliko sisi ni sauti gani hupenya na ipi hupotea njiani.

Kabla ya simu, hello lilikuwa neno changa la mitaani. Mwaka 1826 lilichapishwa katika gazeti la Norwich, jimbo la Connecticut, mtu anamwita mwenziwe: "Hello, Jim!" na kuendelea kusema kwamba ana kisu kikali na mkono unamwasha kukata kitu. Si salamu ya kupeleka ukweni. Lakini ndugu zake ni wazee zaidi na ni wengi: hallo, hullo, hollo, halloo, holla. Wote ni watu wa kupayuka. Halloo ni ya wawindaji wakiwachochea mbwa. Holla ni ndugu wa holà ya Wafaransa, ambayo ni "ho!" na "pale" yakiunganishwa, kama mtu anayesema "wee, hapo hapo!"

Ninayempenda katika ukoo huu ni yule wa Kijerumani cha kale. Kamusi kubwa za Kiingereza humtaja kama jamaa wa hallo: ni holâ, amri ya kitenzi cha kuleta au kwenda kuchukua, na kazi yake kubwa ilikuwa kumwita mvushaji. Mfikirie msafiri amefika ukingoni mwa mto, jua linazama, mtumbwi uko ng'ambo na mwenyewe amejilaza. Msafiri anaweka viganja mdomoni: holâ! Maana yake njoo unichukue. Habari za huko, watoto hawajambo, hayo yatasemwa wakishakaa pamoja mtumbwini.

Kwa hiyo ukiniuliza neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na hello ya asili, sitakupa hujambo wala habari. Nitakupa hodi. Hodi haimsalimu mtu. Inauliza kama kuna mtu, na inamwomba ajitokeze. Salamu huanza baada ya kusikia karibu.

Waingereza wana methali inayosema usipige halloo kabla hujatoka msituni. Sisi tulishasema usimtukane mamba kabla hujavuka mto, na tumewashinda, maana wetu ana meno.

"Mimi nauliza hivi: ahoy ya Bell ilishindwaje? Si yeye ndiye mwenye simu?"

Mwenye kitu huwa hana sauti juu ya jina lake kitu kikishafika sokoni. Kwanza hello haikuwa na mpinzani mmoja. Waingereza kwa muda mrefu walishika simu wakauliza "upo hapo?", wengine Marekani walisema "unataka nini?" kama wanafukuza mbuzi. Kilichoamua ni vitabu vya maelekezo na watu wa kazi yangu.

Mwaka 1878 mji wa New Haven, huko huko Connecticut, ulifungua kituo cha kuunganishia simu cha biashara, na mwaka huohuo kukatoka kitabu cha wateja wake, 50 hivi mwanzoni, na namba hakuna, jina tu. Kampuni iliwafundisha wateja waanze kwa hulloa, tena kwa sauti thabiti na yenye uchangamfu. Na wakimaliza waseme "ni hayo tu". Ya kwanza ikashika, ya pili ikafa. Naisikitikia hiyo ya pili. Ingenipunguzia saa nyingi za kusikiliza "haya basi... haya... eeh... haya basi sawa... haya."

Halafu tukaja sisi. Waunganishaji wa mwanzo walikuwa wavulana waliotoka kwenye telegrafu, na walikuwa na matusi na utundu wa kuchomeka nyaya ovyo ili wateja wagombane. Tarehe 1 Septemba 1878 Boston ikamwajiri Emma Nutt, mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo, na baada yake wanaume wakaondolewa kwenye mbao za swichi mmoja mmoja. Kwa kuwa kila mteja akinyanyua simu sauti ya kwanza kusikia ilikuwa ya mwanamke akisema hello, mabinti hao wakaitwa "wasichana wa hello". Jina hilo lilikuwa limeshazoeleka kabla ya karne ya 19 kwisha.

Kuna kundi lao moja sitalipita. Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1918, jeshi la Marekani lilihitaji waunganishaji wanaojua Kifaransa na Kiingereza, kwa sababu amri ya mizinga haiwezi kusubiri mtu atafute tafsiri. Wakachukuliwa wanawake zaidi ya 200, wakala kiapo, wakavaa sare, wakapelekwa Ufaransa, wengine karibu na mapigano kiasi cha kusikia makombora. Vita ilipokwisha wakaambiwa hawakuwa askari, walikuwa raia tu waliosaidia. Walidai haki yao mpaka wakaipata mwaka 1977, na wakati huo wengi walikuwa wameshazikwa. Hao ndio waliolieneza neno, si Margaret.

"Mtumishi mmoja ametuambia tusiseme hello kwa sababu ndani yake kuna hell, yaani jehanamu, na kila tukipokea simu tunaita moto. Nimeanza kuogopa."

Usiogope. Herufi nne kufanana hakufanyi udugu. Hell ni neno la kale la ukoo wa lugha za Kijerumani, lenye mzizi wa kufunika na kuficha, mahali palipositirika chini. Hello umeshamwona ukoo wake, ni wapiga kelele wa mitoni na wa porini. Na hao wengine wa ukoo huo, hallo na hullo, utawatafutia jehanamu gani?

Ila hofu yako si mpya. Mwaka 1997 wilaya ya Kleberg, jimbo la Texas, ilipitisha rasmi kwamba salamu ya wilaya iwe heaven-o, baada ya mfanyabiashara mmoja kushinikiza kwamba hello ina jehanamu ndani. Jaribu kuitamka hiyo kwenye simu mbovu uone itakavyofika.

"Je, hello na Halloween? Na hail ya Hail Mary?"

Halloween hapana. Hallow iliyomo humo ni utakatifu, usiku wa kuamkia sikukuu ya Watakatifu Wote. Hail ndiyo salamu halisi: asili yake ni kumtakia mtu awe mzima, ndiyo maana sisi tunasema Salamu Maria. Ukitaka neno la Kiingereza lililozaliwa kuwa salamu, ni hail. Limezeeka, limebaki kanisani na kwenye kuita teksi.

"Shikamoo Bibi. Nimeanza kazi ofisi ambayo barua pepe zote ni za Kiingereza. Naweza kumwandikia mkuu wangu hello, au hi? Na kuna mwenzangu mgeni: asubuhi ananiambia hello vizuri, lakini nikikutana naye tena saa sita nikasema hello, ananitazama kama nimemsahau."

Marahaba, hongera ya kazi. Weka maneno matatu kwenye ngazi. Juu kabisa Dear, pamoja na cheo na jina la ukoo, kwa mtu usiyemjua, maombi ya kazi, na malalamiko unayotaka yachukuliwe kwa uzito. Katikati hello, kwa mtu mnayefahamiana kikazi. Chini hi, kwa mnayekaa naye dawati moja. Kwa mkuu wako anza na katikati, kisha tazama yeye anavyokujibu, umpimie kwa kibaba chake. Usijaribu kuwa mchangamfu kumshinda.

Kosa moja naliona kila wiki, nalo ni "Hello dear". Mtu anadhani ameongeza heshima kwa kuchanganya ngazi mbili. Dear iliyotangulia jina ni adabu ya barua, lakini dear iliyobaki peke yake bila jina ni "mpenzi" au "kipenzi". Umemwandikia mkurugenzi mpenzi. Andika hello na jina lake, weka koma, shuka mstari. Wahariri wakali hudai koma nyingine kati ya hello na jina, kwa kuwa unamwita mtu, na kisarufi wako sahihi, ila kwenye barua pepe siku hizi ni wachache wanaoijali na mimi sigombani nao.

Huyo mwenzako wa saa sita hana kiburi. Salamu zetu hufuata jua: kuna ya asubuhi, mchana na jioni, na kila moja inajitegemea. Hello haina saa. Kwake ni alama ya kwamba leo ndiyo mara ya kwanza mnaonana, hivyo ukiirudia anajiuliza kama asubuhi hukumwona. Mkikutana tena mwonyeshe tabasamu, au sema hello again. Inatosha.

Na kwenye ujumbe wa simu, tafadhali wote mnaonisoma: usitume hello peke yake ukanyamaza. Ni kama kupiga hodi, mwenye nyumba akatoka na mikono ina sabuni, akakukuta umesimama unamtazama. Andika hello na shida yako kwa pamoja.

"Kwenye filamu za Kimarekani vijana husema 'Hello?' huku wamekaa na mtu uso kwa uso. Kwani hawajaonana?"

Wanamkejeli. Wameigiza simu: wanajifanya wanapiga, upande wa pili hakuna mtu, yaani kichwani mwako hakuna aliyepokea. Hello hubadilika kwa sauti tu. Ikipanda mwishoni inauliza kama kuna mtu. Ikishuka ni nimekuona. Ikivutwa na kupandishwa ni una akili timamu wewe? Na mzee wa Kiingereza akiitamka hullo taratibu peke yake, ameinama chini ya meza, amekuta kitu asichokitarajia. Huo mshangao ni wa zamani kuliko salamu, umekaa humo tangu kabla ya Edison.

Nikiri pia, maana wengine mtasema nang'ang'ania: hello ya leo ni salamu kamili. Mwingereza akikuambia say hello to your mother, anamaanisha nisalimie mama. Simu ilichukua kelele ya ukingo wa mto ikaiingiza sebuleni, na ndani ya miaka michache watu wakawa wanaitumia hata barabarani walikokuwa wanasema good morning. Wahandisi wa kompyuta nao wakaichukua. Mwanafunzi wa programu, zoezi lake la kwanza ni kuiambia mashine iandike "hello, world". Zoezi hilo lilienea kutoka maabara za Bell Labs miaka ya 1970, na mwaka 1978 likaingia kwenye kitabu cha lugha ya kompyuta iitwayo C, cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie wa hapohapo. Maabara zenye jina la mzee wa ahoy! Nilipolisikia hilo nilicheka mpaka mjukuu akaja kuniuliza kama ni mzima.

"Bibi, kwa nini sisi tunaandika haloo kwa o mbili? Na mbona hatuisemi njiani, ni kwenye simu tu?"

Swali hili nililiweka la mwisho makusudi. O ya pili ipo kwa ajili ya mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ungeandika halo, mtu angeisoma HA-lo, mkazo ukawa mbele, na Waingereza wao hukazia nyuma. Ukiongeza o, silabi zinakuwa tatu, mkazo unaangukia pale pale panapotakiwa: ha-LO-o. Nani aliyeanza kuiandika hivyo sijali, alikuwa na sikio.

Kuhusu njiani, sisi hatukuwa na upungufu wa salamu, tulikuwa na upungufu wa neno la kushikia simu. Tukachukua tulichokosa. Wafaransa walifanya vilevile: allô yao ni ya simu tu, ukimwambia mtu barabarani atatafuta simu iko wapi. Waitaliano hawakuazima kabisa, wao husema pronto, yaani tayari. Kwa hiyo haloo yetu imebaki karibu na barua ya Edison kuliko hello ya wenyewe. Inagonga mlango, halafu inasubiri salamu zipite.

Nalijua hilo kwa masikio. Swichibodi yangu ilikuwa na safu za matundu, kila tundu na kitaa chake. Kitaa kikiwaka nachukua waya, nachomeka, nabonyeza swichi: "Haloo, namba tafadhali." Jioni moja niliunganisha simu ya mbali, kaka mtu anampigia mdogo wake. Laini ikafunguka upande mmoja tu. Mimi namsikia kaka, mdogo anamsikia kaka, kaka hasikii mtu.

"Haloo," akasema, ya kawaida. Mdogo akajibu. "Haloo?" ya kuuliza. Mdogo akapaza sauti: nakusikia kaka, nakusikia! "Haloo! Haloo!" sasa anaigombeza mashine, nasikia anaigonga kwa kiganja. Mimi nachomoa, nachomeka tundu jingine, bure. Ikaja haloo ya tano, ndogo, kama ya mtu aliyechungulia nyumba akaona giza. Kisha kimya, namsikia anapumua. Nikadhani amekata.

"Haya," akasema. "Kama mnanisikia, sisi huku wazima. Msalimieni mama." Akaweka simu chini.

Mdogo mtu alikuwa bado yupo laini. "Opereta," akaniita, "amesema wazima, au nimesikia vibaya?"

Nikamwambia amesema wazima.

"Basi usimtafute tena," akasema. "Imetosha."